Madaftari 58 na koroboi moja

MWEZI uliopita, baada ya magharibi, binti wa jirani yangu alibisha hodi mlangoni kwangu hapa Mombasa. Alikuwa amebeba kikapu kilichojaa madaftari hata vipini vyake vikawa vinataka kukatika.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni leo, mbona umehama na duka zima?"

Binti huyu ana muhula mmoja tu tangu aanze kufundisha. Akakitua kikapu, akaketi, akaniuliza swali ambalo niliwahi kujiuliza mwenyewe miaka mingi iliyopita nikiwa sina wa kumwuliza: kazi ya nyumbani huwa inatolewa kiasi gani? Akiwapa watoto nyingi, hawezi kuisahihisha. Akiwapa kidogo, wazazi wananung'unika kwamba watoto wanacheza tu. Na akiwapa ile ya kutengeneza vitu na kukusanya picha, kama mtaala wa umilisi unavyopenda, ni wazazi wanaokimbia saiba usiku kwenda kuchapisha. Baba mmoja alikuwa amemwandikia ujumbe wa simu akitaka kujua kama alama zile ni za mtoto au ni zake yeye.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nimeshika chaki kwa miaka 37, tangu 1987 hadi nilipostaafu mwaka 2024, na jawabu la maneno machache sina. Nilichokuwa nacho ni kisa. Nilimsimulia yeye usiku ule, na leo nakusimulia nawe, msomaji.

MGENI WA MJINI

Mimi ni mtoto wa mji. Nilizaliwa na kukulia Mombasa, katika nyumba yenye stima, na jioni marehemu baba alikuwa akiketi na gazeti lake upande mmoja wa meza, nami na madaftari yangu upande wa pili. Nikikwama namwuliza. Akishindwa, anaita jirani. Kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya kazi ya nyumbani: meza, taa, na mtu mzima asiye na haraka. Sikupata kufikiri kwamba maana hiyo ilikuwa ya nyumba yetu tu.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipewa barua ya kwenda shule moja ya msingi upande wa Kaloleni, katika iliyokuwa wilaya ya Kilifi. Nikapanda basi hadi Mariakani, kisha matatu, kisha nikatembea katikati ya minazi nikiwa na godoro kichwani na viatu vimejaa vumbi jekundu. Nikakabidhiwa darasa la tano, wanafunzi 58, hisabati na Kiswahili.

Wakati huo mfumo wa 8-4-4 ulikuwa na miaka miwili tu. Ulianza mwaka 1985, na mwaka huo huo mtihani wa KCPE ukafanywa mara ya kwanza. Masomo yalikuwa yameongezeka, Kiswahili kikawa ni cha lazima na cha kutahiniwa, na kila mwalimu mkuu alikuwa akitazama orodha ya matokeo kama mkulima atazamavyo mawingu. Nami nilikuwa kijana mwenye shahada ya bidii, kama tulivyokuwa tukiitana kwa mzaha chuoni. Siku ya pili tu nikaandika ubaoni hesabu 20 za kufanyiwa nyumbani. Siku ya tatu, 20 nyingine. Nikaona sasa mwalimu amefika.

Chukua kalamu nawe, msomaji: 58 mara 20 ni 1,160. Hizo ndizo hesabu nilizokuwa nikizibeba kila jioni kupeleka katika chumba changu cha kupanga pale sokoni, nikazisahihishe kwa mwanga wa kandili, moshi ukinitoa machozi. Wiki ya kwanza nilisoma kila mstari. Wiki ya pili nilisoma majibu tu. Wiki ya tatu nilikuwa natia tiki kama mtu apigaye mihuri posta, macho yamefumba nusu.

Halafu siku moja naibu wa mwalimu mkuu, mtu mzima aliyefundisha tangu kabla ya uhuru, akalifungua daftari moja juu ya meza yangu. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akanisogezea bila neno.

Mwanafunzi alikuwa ameandika saba. Jibu la hesabu ya kwanza, saba. La pili, saba. La tatu, saba, mpaka la ishirini. Na kila saba ilikuwa na tiki yangu nyekundu, nzuri, imenyooka. Chini nilikuwa nimeandika: "Kazi safi. Endelea."

Nadhani kijana yule alikuwa akinipima, na sina la kumlaumu. Tangu lini mtu akasoma barua aliyokwisha kujua kwamba haijibiwi?

CHINI YA MWEMBE

Aibu ile ilinifanya niamke mapema nione kazi zangu zinafanywa wapi hasa. Jibu halikuwa mbali. Kabla ya kengele ya asubuhi, chini ya mwembe ulio nyuma ya madarasa, watoto kama 30 walikuwa wamechutama wakinakili kutoka daftari la mtoto mmoja. Alikuwa binti wa mwenye duka, ambaye kwao kulikuwa na karabai. Kila anayenakili alitoa kitu: kipande cha muhogo, embe bichi, na siku za maziwa ya Nyayo, mafunda mawili ya pakiti yake. Ilikuwa biashara iliyopangwa vizuri kuliko darasa langu.

Ungedhani ningeelewa hapo hapo. Sikuelewa. Nilikasirika. Nikatangaza darasani kwamba atakayenakili ataiona fimbo, na atakayekuja na daftari tupu ataiona fimbo maradufu.

Kesho yake kulikuwa na daftari tupu moja tu. Lilikuwa la msichana mmoja mwembamba wa safu ya nyuma ambaye hakuwa mtu wa kusema. Wenzake wote walinakili kwa ujanja zaidi, wakabadilisha jibu moja hapa na jingine pale. Yeye hakunakili. Alikuja na ukurasa mweupe, wenye tarehe tu juu yake, imeandikwa kwa hati nzuri na kupigiwa mstari kwa rula.

Nilimchapa viboko vinne mikononi. Siku hizo fimbo ilikuwa haijapigwa marufuku shuleni, jambo lililofanyika mwaka 2001, na hakuna aliyeniuliza. Hakulia. Aliifuta mikono yake kwenye gauni, akarudi kuketi, akaichukua penseli kwa mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia ulikuwa haushiki.

Mchana yule naibu akanikuta nakunywa chai.

"Umewahi kufika kwao?"

"Kwa nani, mzee?"

"Kwa yeyote. Katika hao 58."

Sikuwa nimefika kwa hata mmoja. Akaniambia Jumamosi si siku ya kulala, akanielekeza njia.

NYUMBA YA MAKUTI

Nilifika saa kumi alasiri. Msichana hakuwapo, amekwenda maji. Nyanya yake alikuwa ameketi juu ya jamvi mbele ya mlango, makuti yamemzunguka pande zote, na vidole vyake vikishona bila yeye kuvitazama. Nilipomwambia mimi ni nani, alijaribu kuinuka. Nikamwomba asiinuke. Kisha, kabla sijasema lililonileta, akasema yeye.

"Mwalimu, nisamehe. Ni mimi niliyemzuia mtoto. Mafuta yalikuwa yamekwisha."

Nimewahi kuombwa radhi na watu wengi maishani. Hakuna iliyonichoma kama ile.

Polepole nikaelewa jioni ya nyumba ile. Mtoto anatoka shule saa kumi, anafika kwao karibu saa kumi na moja. Anakwenda maji. Anarudi jua limeinama. Anapika, analisha wadogo wawili. Kisha wanashona makuti, yeye na nyanya yake, kwa mwanga wa moto wa kuni, kwa sababu kushona unaweza kushona gizani lakini kuandika huwezi. Koroboi ilikuwapo, moja. Mafuta ya taa yalinunuliwa kwa kupimiwa kichupa, na koroboi iliwashwa wakati wa kula, ili mtoto mdogo asimeze mwiba wa samaki, kisha ikazimwa. Daftari la hisabati lilikuwa limechomekwa juu, kwenye fito za paa, mahali ambapo mbuzi hafiki na mvua haivuji. Nyanya alinionyesha kwa kidole. Lilikuwa limevikwa karatasi ya gazeti.

Msichana akarudi na ndoo kichwani, akaniona, akasimama pale pale kama aliyeona nyoka. Ilinibidi nitazame kando.

Tulipokuwa tumeketi hivyo, kila mtu na haya zake, akaja mnunuzi wa makuti na mkokoteni. Akahesabu, akafunga, akasema ni 340, na bei ni senti 45 kila kuti, kama sikosei baada ya miaka yote hii. Akatoa shilingi 150. Msichana, ambaye katika darasa langu hakuwahi kuinua mkono, akasema kwa sauti ndogo: "Mia moja hamsini na tatu." Mnunuzi akasema hana chenji. Msichana hakumjibu. Alisimama tu mbele ya mkokoteni. Mwisho shilingi tatu zikapatikana mfukoni.

Mimi, mwalimu wake wa hisabati, nilikuwa bado natafuta jibu.

Nikanyweshwa dafu, nikarudi sokoni gizani nikijikwaa kwenye mizizi.

KUJARIBU NA KUKOSEA

Usidhani kwamba kesho yake nilipata ufumbuzi. Nilifanya kosa la pili, kubwa kama lile la kwanza: nilifuta kazi ya nyumbani kabisa. Muhula ulipofika katikati, kukawa na mkutano wa wazazi, na baba mmoja aliyekuwa akifanya kazi bandarini akasimama mbele ya watu wote. Akasema yeye hakusoma, na njia pekee ya kujua kama mtoto wake anasoma ni kumwona jioni ameinamia daftari. "Sasa mwanangu anarudi mikono mitupu. Mwalimu, nitajuaje?" Watu wakampigia makofi. Mwalimu mkuu akanitazama.

Na yule baba alikuwa na haki. Kwa mzazi asiyeweza kusoma, daftari la jioni ndilo dirisha pekee la kuchungulia shule. Nilikuwa nimelifunga kwa sababu tu nilioona haya.

Nikaanza upya, nikapapasa. Hesabu zikawa tano badala ya 20, na nikaomba nusu saa ya mwisho, kabla ya kengele ya jioni, watoto wazianze pale pale darasani jua likiwapo na mimi nikiwapo. Anayemaliza amemaliza. Asiyemaliza anabaki na moja au mbili, na hizo anaweza kuzifanya njiani juu ya jiwe. Naibu alinitetea kwa mwalimu mkuu, kwa sababu nusu ile iliuma kipindi cha michezo, na mwalimu wa michezo hakunisemesha mpaka Pasaka.

Kuhusu kusahihisha, niliacha kujidanganya. Kila siku nilichukua madaftari 12 tu, na hayo nikayasoma kweli kweli, mstari kwa mstari, nikaandika neno. Ijumaa ikifika wote 58 wamepitiwa. Mengine walibadilishana wakasahihishiana ubaoni. Hawakujua zamu ya nani ni lini, kwa hivyo mchezo wa saba ukaisha wenyewe.

Lakini lililonipendeza zaidi lilikuwa la Kiswahili, nalo lilitokana na dafu lile la nyanya. Niliwaambia: leo hakuna kuandika. Muulizeni mtu mzima nyumbani, nazi inaitwaje tangu inapotokeza mpaka inapokauka? Mje na majina kichwani.

Siku ya pili darasa lilikuwa soko. Hakuna aliyesahau, maana swali hilo halikuhitaji mafuta ya taa; lilijibiwa watu wakila, wakishona, wakilala. Wakaja na kidaka, kile kichanga kabisa. Wakaja na kitale, kisha dafu, kisha koroma ambalo si dafu tena na si nazi bado, kisha nazi yenyewe, kisha mbata iliyokauka ikawa inagonga ndani ya kifuu. Wengine walileta majina ya Kigiriama, na wakabishana kwa sababu mtu wa kijiji hiki na wa kile hawakukubaliana. Mimi mtoto wa mji nilikuwa najua dafu na nazi, basi. Nikaandika ubaoni nilichoambiwa, na nilipokosea mpangilio wa koroma na dafu, ni yule msichana wa safu ya nyuma aliyenisahihisha. Aliinua mkono kwanza.

Tukaendelea hivyo muhula mzima: vitendawili, majina ya pepo, kuti ngapi huezeka chumba kimoja, mtu hupima shamba kwa hatua vipi. Yaliyoletwa asubuhi ndiyo tuliyoyaandika kuwa insha na hesabu mchana.

Hapo pia nilitia mguu shimoni. Kwa kutafuta hesabu ya kuzidisha, niliwaagiza watoto waulize nyumbani ni minazi mingapi inayogemwa, na kila mmoja hutoa tembo chupa ngapi. Kumbe nyakati hizo pombe za kienyeji zilikuwa zikiwindwa na askari, na kugema bila kibali ni kesi. Kabla ya saa nne asubuhi wazee watatu walikuwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, wakitaka kujua kijana huyu wa Mombasa ametumwa na nani. Naibu aliwatuliza kwa chai. Tangu siku hiyo kila swali nililolituma nyumbani nililipitisha kwanza kwake, naye alikuwa akiuliza neno moja tu: "Likijibiwa mbele ya jirani, kuna atakayeona haya?"

Na nikaacha kusema "muulize baba yako". Mtoto mmoja aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba wake yuko chini ya mkorosho. Nikawa nasema "mtu mzima yeyote".

MIAKA ILIYOFUATA

Sikudai kwamba nimepata dawa. Elimu ya msingi bila malipo ilipokuja Januari 2003, nilikuwa shule nyingine, na darasa langu lilijaa hadi watoto wakaketi sakafuni. Hesabu yangu ya madaftari 12 kwa siku ikavunjika vipande. Ilibidi nijifunze tena kama mtu mpya, na safari ile sikuwa na naibu wa kunisogezea daftari.

Yule msichana alifanya KCPE mwaka 1990. Alifaulu kwa kiasi, lakini karo ya sekondari haikupatikana, na kushona makuti kukaendelea. Niliwahi kukutana naye Mariakani mwaka 1999, mtu mzima sasa, anauza makuti kwa jumla, na mtoto wake yuko darasa la tatu. Tulisalimiana kwa furaha. Nikajikaza nikamwuliza kama anazikumbuka zile fimbo nne. Alicheka, akasema hazikumbuki. Mimi siamini. Kisha akaniuliza kama nina nafasi nimweleze mgawanyo mrefu, kwani jioni mtoto humjia na daftari naye hupenda kukaa naye. Tukauandika mavumbini pale pale kwa kijiti, wateja wakisubiri.

Hayo ndiyo niliyomweleza binti wa jirani. Alisikiliza, kisha akasema jambo la busara: siku hizi umeme umefika vijiji vingi, hasa tangu ule mradi wa kuwaunganishia watu uanze mwaka 2015, kwa hivyo shida ya koroboi imepita. Nikamwambia inawezekana, lakini aende akawaulize watoto wake taa zao huzimika saa ngapi.

Juma lililopita alirudi. Katika darasa lake la watoto 47, watoto 11 walimwambia kwamba tokeni huisha kabla ya mwisho wa mwezi, na hapo huandika kwa tochi ya simu ya mama, mama akiwa hana haja ya simu. Mmoja alisema yeye huandika dukani, chini ya taa ya mwenye duka, akisimama.

Alikuwa amechoka sana usiku ule. Nikamwambia aniachie sehemu ya madaftari nimsaidie, maana kalamu nyekundu bado ninayo. Akaniachia tisa. Nimeyasoma manane. La tisa lipo hapa mezani ninapoandika: hesabu kumi, majibu kumi, na yote ni nne. Kila nne ina tiki yake, nyekundu, nzuri, imenyooka.

Nimeliweka kando. Kesho akija nitamsogezea.